Kikohozi Kabla ya Gitaa

Siku hiyo Bi Kanda alitoka nyumbani na mambo matatu kichwani: mpira wa mfuniko wa sufuria ya presha, dawa za kifua za mdogo wake, na fotokopi ya kitambulisho ya kupeleka ofisi ya wastaafu ili waamini kwamba yu hai. Hilo la tatu ndilo lililomkera. Kila mwaka, mwezi uleule, mtu mzima wa miaka sitini na saba anapanga foleni kumwonyesha binti wa dirishani kwamba bado anapumua, na binti anamtazama, anaitazama picha, anamtazama tena, utadhani maiti wana tabia ya kuja kujaribu bahati. Mwaka jana walimrudisha kwa sababu fotokopi ilikuwa hafifu. Uso hauonekani, mama, wakamwambia. Akawajibu kwamba hata kwenye kioo siku hizi hauonekani vizuri, na hakuna aliyecheka.

Mpira aliupata kwa fundi wa majiko, baada ya kubishana naye robo saa kuhusu upana. Dawa alipata nusu. Nusu nyingine aje Alhamisi, wakamwambia, kana kwamba kifua cha mtu kinajua Alhamisi. Akatoka pale amenuna, akaingia duka la fotokopi lililo mlango wa pili.

Lilikuwa chumba chembamba chenye mashine mbili, moja nzima na moja iliyokufa zamani ikageuzwa meza ya kuwekea karatasi. Mwenye duka alikuwa binti wa miaka kama ishirini na mitano, mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi upande mmoja. Alikuwa akichapa barua ya mtu huku kompyuta yake ikiimba muziki wa roki, ule wa zamani, wa magitaa yanayokwaruza. Bi Kanda hakuujali. Alifanya kazi redioni miaka thelathini na mmoja na akastaafu bila kupenda muziki wa aina yoyote. Akatoa kitambulisho, akasema anataka nakala mbili na uso uonekane.

Wimbo mmoja ukaisha, mwingine ukaanza. Kabla haujaanza sawasawa, mtu akakohoa.

Kikohozi kimoja kifupi, cha mtu aliyejaribu kukizuia akashindwa. Kisha sauti ya kijana ikahesabu moja, mbili, tatu, nne, na magitaa yakaingia kwa pamoja, moja likiwa limetangulia kidogo. Bi Kanda akashika ukingo wa ile mashine mbovu. Wimbo huo haukutakiwa kuwepo duniani. Alijua haupo, alijua kuliko mtu yeyote, kwa maana aliufuta yeye mwenyewe, kwa mikono yake hii hii, miaka arobaini iliyopita.

Watu wakisikia ulifanya kazi redioni wanadhani ulikuwa ukitangaza. Bi Kanda hakutangaza hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kufuta. Kanda za redio za wakati ule zilikuwa kubwa kama sahani, zilitoka ng'ambo, zilichelewa, na hazikutosha. Kwa hiyo kila Jumatatu ilishuka orodha ya namba kutoka ghorofa ya juu, naye akazitoa kanda hizo kwenye rafu, akazipitisha moja moja juu ya sumaku ya umeme, akaandika neno “tupu” kwenye boksi na kuzirudisha zikatumike upya. Hamsini kwa siku. Hotuba, kwaya, michezo ya kuigiza, mpira wa miguu, vyote vilikwenda na maji. Kusikiliza kabla ya kufuta kulikatazwa, maana ukisikiliza utaona huruma, na ukianza huruma hamsini hazifiki. Ndiyo maana wenzake walimwita Bi Kanda, na jina likamganda mpaka mtaani.

Mdogo wake naye alikuwa na jina lake. Aliitwa Waya, kwa sababu nyaya za gitaa hazikupatikana madukani, akawa anafunga nyaya za breki za baiskeli, na zikikatika anachomoa nyingine kwenye baiskeli ya jirani bila kuomba. Alikuwa na bendi ya watu wanne. Suruali zao zilifagia barabara na nywele zao ziliwatoa wazee roho. Roki gani hiyo, mama yao alikuwa akiuliza, mtu anapiga kelele kama amebanwa na mlango. Lakini Waya alipopiga gitaa, hata mama alikuwa akipunguza moto jikoni asikilize, halafu anajitia hamnazo.

Bi Kanda aliwaingiza studio saa ya chakula cha mchana, wakubwa wakiwa kantini. Walikuwa na muda wa wimbo mmoja, mara moja, bila kurudia. Waya akakohoa mwanzoni, na hapakuwa na nafasi ya kuanza upya. Mwishoni mwa wimbo wenzake wote walinyamaza, akabaki yeye na gitaa lake peke yake, dakika nzima na zaidi. Bi Kanda hakuisikia dakika hiyo. Alikuwa mlangoni, roho juu, anachungulia korido.

Kanda ikaingia rafuni pamoja na nyingine, na wimbo ukapigwa hewani Jumamosi tatu mfululizo. Konda na abiria walimtambua Waya kituoni, wasichana wakamwandikia barua. Ila kila Jumamosi wimbo uliwekwa wa mwisho kwenye kipindi, na ikifika saa kumi taarifa ya habari inaingia na kuukata, palepale gitaa lilipokuwa linaanza. Waya aliudhika sana. Hakuwa ameisikia dakika ile tangu alipoipiga. Akamwomba dada yake amwingize siku moja, saa ya chakula, amfungulie kanda aisikilize nzima. Dada akasema sawa, wiki ijayo.

Wiki iliyofuata namba ya kanda hiyo ilikuwemo kwenye orodha, na Bi Kanda hakutazama. Alifuta hamsini zake. Jioni, akijaza rejesta, ndipo namba ikamkodolea macho. Alikaa kwenye kiti chake mpaka mlinzi alipokuja kufunga.

Je, angesema nini nyumbani? Alimwambia Waya kwamba alikuja mgeni kutoka ng'ambo, akaupenda wimbo, akaichukua kanda kwenda kuitengenezea sahani ya santuri. Alidhani uongo huo ungemfikisha Jumamosi, bendi irudi kurekodi tena, mambo yaishe. Lakini wakubwa walianza kula ofisini, studio ikapata kufuli, mpiga dramu akahama, na Waya akawa anasubiri barua ya mgeni. Alipopata kazi ya posta aliikataa, asije akafungwa kazini siku anayotakiwa kusafiri. Mchumba alichoka. Gitaa likauzwa. Miaka ikapita, ikabaki kuwa utani wao. “Dada, mgeni wako bado anatafuta stempu?” alikuwa akimuuliza, na dada anacheka kidogo.

Halafu, mwaka jana, kifua. Daktari aliwaambia wazi kwamba sindano za kuokoa mapafu huweza kuondoka na masikio. Waya alisita. Bi Kanda ndiye aliyemsukuma, akamwambia masikio bila mapafu yatamsaidia nini kaburini. Akachomwa miezi sita. Kifua kikatulia, na masikio yakaenda yote mawili, kabisa, akawa kiziwi wa kusema naye kwa daftari.

“Mama, vipi? Kaa hapa,” binti wa fotokopi alikuwa akisema. Bi Kanda akakaa, akamwomba aurudishe wimbo mwanzo. Wakausikiliza wote wawili. Kikohozi, hesabu, magitaa, sauti ya Waya ya miaka ishirini na miwili, yenye pumzi asiyokuwa nayo mtu mwingine. Kisha wenzake wakanyamaza. Gitaa likatoa sauti nne, labda tano. Na mtangazaji akaingia, sauti nzito iliyojaa mate, akisema ni saa kumi kamili.

Binti alieleza alichokijua. Kuna bwana anayenunua kaseti kuukuu kwenye nyumba za watu na kuziweka mtandaoni. Mtu fulani zamani alikuwa ameurekodi wimbo huu kutoka redioni kwa kaseti yake, akautia kabatini, akafa. Sasa umesikilizwa na watu zaidi ya laki mbili, wengi wao wa ng'ambo, na wote wanalalamika ulivyokatwa. Bendi haijulikani, wimbo haujulikani. Chini yake watu wameandika wakiuliza nani huyu mpiga gitaa, na mmoja amejibu kwa uhakika kabisa kwamba alikwishakufa zamani. Binti akageuka. “Kwani mama unawajua?”

“Mmoja,” Bi Kanda akasema. “Anasuka viti nyumbani kwangu.”

Binti karibu aangushe miwani. Alimtilia wimbo kwenye flashi, akamchapishia na ukurasa wenyewe, picha ya kaseti na maandishi yote, akasema lazima siku moja amlete. Bi Kanda akavitia mkobani pamoja na mpira wa sufuria. Ofisi ya wastaafu akaipita mlangoni. Leo waandike wanavyotaka, hata wakimzika.

Njia nzima alikuwa akisema peke yake, watu wakimpisha. Angemwambia Waya yote. Angemwambia hakukuwa na mgeni, angemwambia juu ya orodha na sumaku, angeomba msamaha hata kwa magoti, na angemalizia na hili, kwamba pamoja na hayo yote wimbo wake umekwenda ng'ambo wenyewe, kwa miguu yake. Miaka arobaini alikuwa hana cha kumpa zaidi ya ukweli mtupu, na ukweli mtupu haukupata nguvu za kumtoka. Leo anacho. Alijisikia mwepesi, na hilo lilipaswa kumtia wasiwasi.

Waya alikuwa barazani amepiga magoti mbele ya kiti cha mteja, anakaza uzi wa plastiki kwa meno. Bi Kanda akamgusa bega, akachukua daftari. Alikusudia kuanza na mgeni. Lakini Waya alikuwa amemtazama usoni akaona kitu, akaanza kutabasamu kabla hajaandikiwa, na mkono wa Bi Kanda ukaandika jambo jingine kwanza. “Nimesikia wimbo wako leo. Duka la fotokopi.”

Aliisoma mara mbili. Uzi ukamdondoka.

“Wimbo wetu?” Siku hizi alisema kwa sauti kubwa mno, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. “Dada, wimbo wetu ule?”

Bi Kanda akaitikia kwa kichwa. Akaandika kuhusu kikohozi, kuhusu hesabu, kuhusu gitaa lililotangulia, kuhusu watu laki mbili. Waya akasoma akicheka, akifuta macho kwa kiwiko. Hakuwa amecheka hivyo tangu kabla ya sindano. Kisha akauliza jambo ambalo Bi Kanda, pamoja na kusema kote kule barabarani, hakuwa amejiandaa nalo.

“Na lile gitaa la mwisho, lipo?”

Hapo ndipo mahali pa kuandika kwamba limekatwa. Neno moja tu. Mtu mzima, mwenye akili zake, aliyetoka kujiapiza njia nzima. Lakini uso ule ulikuwa mbele yake, wa miaka ishirini na miwili ndani ya miaka sitini na miwili, na Bi Kanda hakuweza. Aliandika, “Lote. Mpaka mwisho.”

Waya akafumba macho. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kutembea juu ya mguu wa kiti. Alieleza kwamba miaka yote hii amekuwa akilipiga kichwani, na tangu masikio yaende ndilo pekee analosikia. Mwanzo anao, katikati anayo. Mwisho umemtoroka. Kila usiku anafika palepale anaanguka. Alikuwa akijiambia kwamba siku moja kanda ikipatikana atausikia, halafu yakaja haya ya masikio, akajiambia basi, hata mwisho wenyewe hatakuja kuujua.

“Hebu nisaidie,” akasema. “Nilimalizia juu au nilimalizia chini?”

Bi Kanda alijaribu kukumbuka, na palikuwa na nini cha kukumbuka? Siku ya kurekodi alikuwa mlangoni anachungulia korido. Siku ya kufuta hakusikiliza. Alikuwa amebaki yeye peke yake duniani wa kuulizwa, na hajui. Kalamu ikaning'inia. Akaandika, “Juu.”

Waya alilitazama neno lile muda mrefu. Tabasamu halikuondoka mara moja. Liliondoka taratibu, upande mmoja kwanza.

“Ule waya mwembamba wa gitaa ulikatika tukiwa tunapanga vyombo,” akasema. “Wewe ulikuwa mlangoni, hukuona. Nilipiga na nyaya tano. Juu sikuwa na pa kupandia, dada. Nimesahau yote, lakini mwisho wa juu najua haukuwa.”

Bi Kanda akaanza kuandika haraka haraka, mwandiko ukipanda na kushuka. Akaeleza kwamba ni kweli mwisho umekatwa na taarifa ya habari, kwamba alisema hivyo kumfurahisha, lakini wimbo upo, naapa, upo. Akatoa ile karatasi ya duka. Waya akaisoma kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa cheti cha mtoto wa mwenzake. Bendi haijulikani. Wimbo haujulikani. Hapa hakuna jina langu, akasema. Bi Kanda akaandika juu ya kikohozi tena. Waya akajibu kwamba kikohozi anakijua, si alikuwepo. Bi Kanda akakimbilia ndani, akatoka na redio, akachomeka flashi, akafungulia mpaka mwisho, akaushika mkono wa mdogo wake na kuubandika kwenye spika.

Kikohozi. Moja, mbili, tatu, nne. Magitaa yakajaa baraza nzima. Mwanamke aliyekuwa akipita barabarani akageuka na kutabasamu. Waya aliacha kiganja chake pale, kichwa ameinamisha, anajaribu kweli, mtu asimwonee.

“Inatetemeka,” akasema. “Hata taarifa ya habari inatetemeka hivi hivi.”

Akautoa mkono, akaupiga piga wa dada yake, polepole. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alimwambia asijisumbue, kwamba anajua anamtakia mema. Hata kuhusu yule mgeni, yeye Waya alijua miaka mingi iliyopita kwamba hakuwepo, kwani kila akisimuliwa anatoka nchi nyingine. Alikuwa akiuliza habari zake ili dada asione aibu. Alichokuwa akiamini yeye ni kwamba wakubwa waliukataa wimbo baada ya zile Jumamosi tatu, na dada hakutaka kumvunja moyo. “Umenitungia tena,” akasema. “Sasa tumezeeka. Usinitungie.”

Bi Kanda angemleta nani? Binti wa fotokopi? Atasema amefundishwa. Jirani? Jirani naye ana huruma. Hakubaki mtu wala kitu cha kuthibitisha, na kanda pekee iliyokuwa na jina la Waya kwenye boksi ndiyo ile iliyoandikwa “tupu”. Akafungua ukurasa mpya. Aliandika kwamba wakubwa hawakukataa chochote. Namba ilikuwa kwenye orodha. Kanda niliifuta mimi, sikutazama.

Waya akasoma. Hakuuliza wapi wala lini. Hakuitisha karatasi wala kugusa redio.

“Hii naiamini,” akasema.

Akalishika daftari kwa mikono miwili. Kisha akauliza kama alisikiliza kwanza kabla ya kufuta, walau lile gitaa la mwisho. Bi Kanda akatikisa kichwa kwamba hapana.

Waya akalifunga daftari, akaliweka chini juu ya mkoba wenye mpira wa sufuria. Akageukia kiti chake, akaokota uzi, akautafuta mwanzo wake kwa vidole. Nyuma yake sauti yake ya ujana ilikuwa inamalizia ubeti wa mwisho, wenzake wakanyamaza, na gitaa likaanza. Bi Kanda akanyoosha mkono akaizima redio kabla mtangazaji hajaingia. Waya hakugeuka. Alikuwa akikaza uzi.